Jumamosi Saa Kumi Usiongee

Siku ya kurekodi, Waringa alipanda ngazi bila hata kuvua aproni ya kazi. Alikuwa akipokea simu na kuhudumia wateja katika duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Hardeep pale Dagoretti Corner, na studio ya Kitavi ilikuwa juu ya duka hilo hilo, kwa hivyo safari yote ilikuwa ngazi na kona moja. Kitavi alikuwa ametundika mablanketi ukutani ili kelele za Barabara ya Ngong zisiingie. Zilikuwa zinaingia tu.

"Ni sauti ya kumwonyesha Jacklyne njia," Kitavi alimwambia, kama alivyomwambia mara zote. "Imba vizuri. Yeye akija anakufuata, halafu yako nafuta."

Ndivyo walivyofanya kazi. Jacklyne alikuwa Jacklyne tu, bila jina la baba, msanii ambaye sura yake ilibandikwa kwenye nusu ya matatu za jiji. Kila wimbo wake, Waringa alitangulia kuuimba kama mtu anayefyeka kichaka kwa panga, kisha Jacklyne akapita pale palipofyekwa na kupigiwa makofi. Waringa hakuwa na kinyongo. Alipenda kuimba, na jioni alirudi kwao Mutuini akiwa na sauti yake.

Wimbo wa siku hiyo uliitwa Sogeza Meza. Ulikuwa wimbo wa kucheza, wala hauna mambo mengi: mwanamke anaingia kwenye sherehe, anakuta hakuna nafasi, anaambia watu wasogeze meza. Waringa alikuwa katikati ya kiitikio stima ikapotea.

Sasa, Kitavi ana sheria yake, na huwaambia watu wote wanaoingia pale: mwimbaji asivue visikizi masikioni kabla yeye hajabonyeza kile kitufe cha kufunga sauti. Sauti isiyofungwa hubaki wazi. Sheria ni yake, kitufe ni chake, studio ni yake. Stima ilipopotea akasema, "Ai, hawa watu," akaenda kutafuta chai. Iliporudi, wimbo ulikuwa umejihifadhi wenyewe na Waringa ameshashuka kuuza misumari. Kitavi hakufunga. Mtu mzima na ndevu zake, na kazi yake ni hiyo moja!

Jacklyne alikuja kesho yake na mafua. Akaimba mstari mmoja, akashika koo, akaenda kupigwa picha. Kitavi akasikiliza sauti ya Waringa, akaona ni tamu kuliko kazi ya kungoja mafua yapone, akaiacha ilivyo. Juu yake akaweka jina la Jacklyne.

Wimbo ulitoka Ijumaa. Jumamosi asubuhi, Waringa alitoka nje na mswaki mkononi akamkuta mbuzi mweusi wa mama yake akitafuna sweta iliyoanikwa. Akafungua mdomo kumwita mama. Hakuna kilichotoka. Wakati huo huo, katikati ya jiji, kwenye spika ya duka la simu Mtaa wa Tom Mboya, Sogeza Meza ulikuwa umefika pale ngoma zinapotulia kidogo, na sauti ikasema wazi kabisa, "Mama! Mbuzi anakula sweta yako ya kanisa!"

Watu waliokuwa wakipita na mizigo yao walicheka, wakacheza kidogo, wakaendelea na safari. Mchuuzi wa soksi aliirudia kwa wateja wake. Kufikia mchana mji mzima ulikuwa ukiimba habari za mbuzi.

Mama yake Waringa, Waithera, aliisikia kwenye redio ya jirani. Akatoka na fimbo, akamfukuza mbuzi, akaokoa mkono mmoja wa sweta.

"Asante kwa kuniambia," alimwambia bintiye. "Lakini si ungepiga kelele hapa hapa nyumbani? Mpaka uzungukie redioni?"

Waringa akafungua mdomo kueleza. Maelezo yakatoka kwa jirani, nyuma ya ua, na ngoma juu yake.

Jumatatu kazini ikawa ni shida ya simu. Bwana Hardeep hakukasirika. Alikuwa ameendesha duka lile tangu baba yake alipomwachia, na alikuwa ameona wafanyakazi wakipoteza mengi zaidi ya sauti. Alivuta ndevu akifikiri, akachukua spika, akaiweka juu ya magunia ya saruji, akafungulia Sogeza Meza ujirudie kutwa.

"Haya, Waringa," alisema. "Jaribu."

"Misumari ya inchi tatu ipo," ilisema spika. "Mabati ya kijani bado hayajafika."

"Sawa kabisa," alisema Bwana Hardeep, akarudi kwenye gazeti lake.

Wateja hawakuona tatizo. Watu wa Dagoretti Corner wana haraka, na mradi misumari ni ya inchi tatu, sauti inatoka wapi si neno. Tatizo ni kwamba spika zote za Nairobi zilisema vivyo hivyo. "Mabati ya kijani bado!" waliitikia vijana kwenye baa za Westlands, mikono juu. Mchambuzi mmoja alikaa redioni akaeleza kwa kirefu kwamba mabati ya kijani ni matumaini ya kizazi hiki, ambayo kila siku yanaahidiwa na hayafiki, na kwamba Jacklyne sasa amekomaa. Matumaini gani? Mabati yalikuwa yamekwama ndani ya lori huko Mlolongo, na dereva amezima simu!

Aliyeumia ni Were. Were alikuwa fundi wa bomba, na alimpenda Waringa kwa simu kabla hajamwona. Alikuwa akipiga dukani kuulizia viungo vya bomba ambavyo tayari anavyo mfukoni, ili tu amsikie akisema, "Ngoja nikuangalizie." Mwaka mzima wa viungo vya bomba. Sasa walikuwa wamekubaliana kuoana, na Jumamosi iliyokuwa inakuja watu wake wangekuja Mutuini kwa ruracio, kuongea na wazee na kuleta mahari.

Alipita dukani siku hiyo, akasimama karibu na spika.

"Nilizoea kukusikia mimi peke yangu," alisema. "Saa hii nakusikia mimi na kila kondakta wa mji huu. Na ruracio utajibu na nini?"

Hapo Waringa akaogopa, kwa sababu alikuwa amesahau. Kwao, siku ya ruracio, msichana husimamishwa mbele ya watu. Wazee wameshika muratina, ile pombe yao ya asali, na humuuliza kama wainywe au wairudishe. Asipojibu, hainywewi. Isiponywewa, hakuna kilichofanyika, wageni wanapanda gari lao wanarudi. Baba hawezi kumjibia, wala mama. Ni kitu kimoja tu ambacho wazee wa Mutuini hawajawahi kumfanyia mtu njia ya mkato.

Akapanda ngazi kwenda kwa Kitavi. Kitavi alimfungulia wimbo ili waweze kuongea, maana hakuwa mtu wa kukosa adabu.

"Funga sauti yangu," alisema Waringa ndani ya wimbo. "Jumamosi naihitaji."

"Kitufe ndicho hiki," Kitavi alisema, akakionyesha. Kilikuwa kitufe cha kawaida. "Nikikibonyeza, sauti inarudi kwako saa hii hii. Lakini wimbo unabaki ngoma tupu. Unajua wimbo uko wapi saa hii? Uko juu ya kila mtu. Tungoje tu Krismasi ipite."

"Basi andika jina langu."

"Nitaliandika kwa toleo la pili."

"Toleo la pili ni lini?"

"Krismasi ikipita."

Unamfanyia nini mtu kama huyo? Waringa alimtazama, akatazama kitufe, na Kitavi akaweka kikombe chake cha chai juu ya kitufe, taratibu, bila ubaya.

Jumatano vidio ikatoka. Ilikuwa na meza nyingi zikisogezwa, Jacklyne amevaa sweta isiyo na mkono mmoja, na mbuzi mweusi aliyekodiwa. Mwishoni majina yalipita kwenye kioo: Jacklyne, Kitavi, mpiga picha, aliyesuka nywele, aliyepika chakula, mwenye meza. Waringa alitazama mpaka mwisho. Jina la mwisho lilikuwa la mbuzi. Aliitwa Njoki.

Alhamisi Bwana Hardeep akamruhusu, naye akaenda mjini kumwona Jacklyne mwenyewe. Ofisi ilikuwa juu kabisa ya jengo refu karibu na Moi Avenue, na pale mapokezi Sogeza Meza ulikuwa ukipigwa bila kukoma, kwa hivyo mazungumzo hayakuwa na shida.

Jacklyne akamkumbatia. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lilimchosha Waringa zaidi.

"Waringa mpenzi! Yaani wewe na mimi ni kitu kimoja."

"Hiyo ni sauti yangu!" alisema Waringa. Alikuwa amekasirika, na sauti ikatoka na hasira yake yote.

Kisha huku chini barabarani wakaanza, kwanza wachuuzi, halafu vijana wa kusimamia magari, halafu kama mtaa wote. "Hiyo ni sauti yangu! Hiyo ni sauti yangu!" Simu ya Jacklyne ikaanza kutetemeka mezani kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa. Jacklyne akasoma, mkono kifuani.

"Wameipenda," alisema, machozi yakimlenga. "Wanasema ni wanawake wachache wanaweza kusimama wakasema hivyo."

Waringa akakaa chini. Kitu gani kingine angesema? Lolote ambalo angesema lingekuwa la Jacklyne kabla hajafunga mdomo. Akatoa simu akaandika, akamwonyesha: *Jumamosi ni ruracio yangu. Nahitaji kuongea.*

"Aki hongera!" alisema Jacklyne. "Sasa hapo ndipo pia mimi nakuomba. Jumamosi nina shoo hapa mjini, na saa kumi ndiyo naimba Sogeza Meza. Tafadhali, saa kumi usiongee. Juzi nilikuwa jukwaani ukaanza mambo ya bei ya bawaba. Nilisimama tu na kinywa wazi." Akamshika mkono. "Wakikuuliza, itikia na kichwa. Na mambo ya mabati upunguze kidogo, si unanielewa? Yanaharibu jina."

Waringa alielewa vizuri sana. Akashuka, akapita katikati ya watu waliokuwa wakipiga kelele kwamba hiyo ni sauti yao, akaenda kutafuta gari la kwenda nyumbani.

Jumamosi jua lilikuwa zuri. Hema likasimamishwa Mutuini, kati ya nyumba ya Thuo, baba yake Waringa, na vile vyumba vipya vya kupangisha ambavyo bado havijapakwa rangi. Watu wa Were walifika kwa kuchelewa, kama inavyopasa, wakaimba langoni, wakakataliwa, wakaimba tena, wakafunguliwa. Wazee wakaingia chumbani kuongea. Wakaongea mpaka nyama ikapoa. Walipotoka wote wakiwa wamekasirika kidogo, ikajulikana kwamba mambo yameenda vizuri.

Ilikuwa yapata saa kumi Waringa aliposimamishwa mbele. Mzee Maina, kaka mkubwa wa Thuo, ndiye aliyekuwa msemaji. Ni mtu wa kutii taratibu mpaka anachosha. Alishika pembe ya muratina mikononi.

"Waringa," alisema. "Hawa watu tunawaona hapa. Wanasema wewe ndiye umewaita. Hii pombe tuinywe, ama tuirudishe?"

Waringa akaitikia kwa kichwa.

"Sijasikia," alisema Mzee Maina.

Akaitikia tena, kwa nguvu, mpaka kilemba kikasogea.

"Kutikisa kichwa si jibu. Hata mbuzi hutikisa kichwa, na hakuna aliyemwoza mbuzi. Mimi nataka sauti."

Shangazi wakaanza kunong'onezana. Upande wa wageni, mama mmoja akauliza kwani msichana hataki? Were akainuka. Alikuwa amekuja na spika ndani ya mfuko, kwa sababu alimjua mchumba wake na alikuwa amesikia habari za Mzee Maina. Akaiweka juu ya meza ya keki. Meza ilikuwa mbali na umeme, ikabidi isogezwe. Sogeza Meza ukaanza, watoto wawili watatu wakacheza, wakakemewa.

Ngoma zikatulia.

"Inyweni," ilisema spika. "Ni mimi nimewaita."

Vigelegele vikaanza, lakini Mzee Maina akainua mkono.

"Huyo ni Jacklyne," alisema.

"Ni Waringa, Mzee," alisema Were.

"Huyo ni Jacklyne wa redio. Mjukuu wangu anamwimba kutwa, namjua. Yeye amekubali, ni sawa, kwao wakanywe. Mimi nimemuuliza wa kwetu."

Jamani! Thuo akasema ni mtoto wake. Waithera akasimama akasema amemsikia akilia tangu siku ile ya kwanza, na kama hajui sauti hiyo basi hajui kitu duniani. Mzee Maina akasema mama hawezi kuwa shahidi, maana mama anataka mtoto aolewe. Wageni wakaanza kutazama gari lao. Muratina ilikuwa inapata moto mikononi mwa Mzee, na Waringa alisimama pale mbele ya watu wote, ametamka neno lake, na neno lake limepewa mtu mwingine hata hapa, hata kwao, chini ya hema ambalo baba yake alilifunga kamba kwa mikono yake. Machozi yakamtoka. Machozi yalikuwa yake, hayakutoka kwenye spika.

"Basi muulize jambo la hapa nyumbani," alisema Thuo, amechoka. "Kitu ambacho mtu wa redio hakijui."

Mzee Maina akafikiri.

"Shosho yako," alisema, "marehemu mama yangu. Siku anakufa, nani alikuwa naye, na alisema nini?"

Hilo halikuwa swali la ruracio. Waringa alikuwa hajamwambia mtu yeyote, na wazee walikuwa wamelikalia miaka yote bila kuuliza. Akasubiri ngoma zitulie. Pale mjini, wakati huo huo, Jacklyne alikuwa amesimama jukwaani mbele ya umati, maiki mdomoni, akiomba Mungu.

"Nilikuwa mimi," ilisema spika, polepole. "Alisema ana baridi. Nikamlalia miguuni. Akasema, 'Sasa niko sawa, Waringa.' Basi. Hakusema kingine."

Mzee Maina akainua pembe, akamwaga kidogo chini kwa ajili ya mama yake, akanywa.

"Ni wetu," alisema. "Endeleeni."

Wakanywa wote. Shangazi walipiga vigelegele mpaka kuku wakatoroka. Watu wa Were walikula nyama iliyopoa wakaisifu. Ruracio ilikwisha vizuri, na hakuna mtu Mutuini aliyerudi kuzungumzia jinsi jibu lilivyokuja, maana lilikuja.

Mjini, watu walisema hawajawahi kuona shoo kama ile. Umati mzima ulilia. Waliposikia "Sasa niko sawa, Waringa," walishikana mabega, wasiojuana, wakalia. Jumapili asubuhi redio zikatangaza kwamba Jacklyne amechumbiwa, kwa sababu alisema wazi kwamba pombe inywewe. Maua yalipelekwa ofisini kwake mpaka lifti ikakwama. Aliulizwa mchumba ni nani, akatabasamu tu. Alipewa pole pia kwa kufiwa na shosho yake, naye akashukuru. Na lile jina Waringa likawa mtindo wa kucheza: unainama, unajikunja miguuni pa mwenzako, halafu ngoma zikirudi unainuka. Wajuzi walisema ni ubunifu wa Jacklyne.

Mzee Maina alimpigia Thuo simu.

"Huyo Jacklyne," alisema, "amefiwaje na mama yangu?"

Mchana huo Waringa na Were walikuwa nyuma ya nyumba wakisugua masufuria ya sherehe kwa majivu na sabuni. Were alikuwa ameweka redio ndogo juu ya jiwe, imewashwa, kama mtu anavyoweka kiti kwa ajili ya mgeni.

"Tangu jana hujaniambia kitu," alisema. "Umeambia wazee. Umeambia Nairobi nzima. Mimi je?"

Waringa alikuwa na jambo la kumwambia. Alikuwa nalo tangu enzi za viungo vya bomba. Lilikuwa fupi, na lilikuwa la mtu mmoja.

Redioni Sogeza Meza ukaanza. Were akaacha kusugua. Ngoma zikaenda, zikaenda, kisha zikatulia pale zinapotulia, na kwenye baa na maduka na magari ya mji mzima watu wakainamisha vichwa kungoja. Waringa alifungua mdomo. Akamtazama Were, akaitazama redio, akaufunga. Akachukua mkono wa Were uliojaa majivu, akaushika. Nafasi ikapita tupu, ngoma zikarudi.

"Mmeisikia hiyo?" mtangazaji alisema wimbo ulipokwisha, sauti yake ikitetemeka. "Leo hakusema kitu. Jamani, huyu Jacklyne hata kunyamaza anajua!"

Were akanyoosha mkono akazima redio. Waringa akamsogezea sufuria kubwa, ile ya wali, iliyokuwa imeungua chini.